Sakafu ya epoksi kwenye banda la gari, Fuoni: imekauka lakini haijaiva

Majirani wawili wameniuliza mwezi huu peke yake, "sakafu ya banda lenu mmetia nini mbona inang'ara vile", na swali la pili la wote ni lile lile, gari inaingia baada ya siku ngapi. Basi naandika hapa mara moja kwa wote. Epoksi ya kawaida, ile rangi ngumu ya sakafu ya ndoo mbili inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, gari inaingia baada ya siku saba. Sio kesho wala kesho kutwa, wala mtondo wala mtondogoo, siku saba kamili na zinahesabiwa kuanzia mkono wa mwisho wa rangi, na ukipaka kipindi cha mvua au cha kipupwe ongeza siku mbili tatu. Mie niliambiwa kesho. Nikaiamini ile kesho, nikaingiza gari, na kazi moja nikailipia mara mbili.

Banda lenyewe ni la nyumbani, dogo, mita tatu kwa sita, bati juu, geti la chuma mbele, na sakafu ni zege la zamani lilopigwa niru, yaani ule uji wa saruji wa kulainishia juu. Inakaa gari yangu ya IST, Vespa ya baba, na pembeni magunia ya mkaa na makorokoro ya nyumba nzima. Zege lile lilikuwa linatoa vumbi, unafagia asubuhi jioni unafagia tena, na pale inapokaa injini pana doa la oili la miaka mingi ambalo halikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Epoksi nilikuwa nshaiona kwenye duka moja la dawa mjini na kwenye jiko la hoteli moja ya shamba, sakafu kijivu kama kioo, unapitisha kitambaa basi yamekwisha. Nikasema na mie nitie.

Kampuni ya kwanza sitoitaja jina, ugomvi siutaki, nataka tu watu wajue kilichotokea. Ilikuwa Aprili, mfungo mosi, masika imeshika khasa, na nyumbani tuna harusi ya mdogo wangu Jumamosi. Uwanja wote tunautaka kwa mafiga na masufuria ya pilau kwa hivyo gari lazima ilale ndani. Nikamwambia yule mkubwa wao wazi wazi, "kaka, Jumamosi nna shughuli hapa, gari nataka iwe ndani tokea Alkhamisi, itawezekana?" Akanijibu, "hamna shida dada, tunapaka leo Jumatano, masaa 24 inakuwa ishakauka, kesho jioni unaingiza."

Wakaosha kwa sabuni na brashi ya waya, wakasukuma maji nje kwa fagio, wakenda kula, na kwenye saa kumi jioni wakaanza kupaka. Mvua ilikuwa imekatika adhuhuri tu, na ile hewa ya masika mnaijua, ukigusa ukuta unahisi maji. Ndoo ya mwisho waliichanganya kwa macho, hii niliiona mwenyewe nimesimama mlangoni, kile kihadina kilobaki akakimimina chote pale pale bila kipimo. Magharibi wamemaliza, na wallahi ilipendeza, taa ya banda ikawa inaonekana chini nzima nzima. Nikawapa pesa yao yote laki sita na nusu na soda juu yake.

Alkhamisi jioni nikakanyaga mwenyewe kwanza, kavu, hainati. Nikaingiza gari taratibu, gari ambayo ilikuwa imekaa kivulini siku nzima haijakwenda popote. Asubuhi nikaitoa salama, alama kidogo tu za tairi. Ijumaa baada ya sala jua likatoka kali, nikenda Makunduchi kumchukua shangazi, kwenda na kurudi kwenye lami ya moto, nikarudi saa kumi na moja nikaiweka ndani vile vile na tairi zake za moto. Jumamosi alfajiri natoka kwenda Darajani kufata nyama, natia rivasi nasikia sauti chini kama mtu anabandua selotepu kwenye boksi, ndefu, halafu nyengine. Nikasimama nikashuka na tochi ya simu. Pale zilipolala tairi nne pana mabaka manne ya zege tupu, kila moja ukubwa wa chapati, na rangi yangu ya kijivu imegandia kwenye mpira.

Siku ile sikumwambia mtu kitu, harusi ni harusi. Jumapili wageni wameshapungua baba akachukua kigoda akakaa mbele ya baka la tairi ya kulia. Baba yangu alifanya kazi ya chokaa Mji Mkongwe tokea kijana mpaka magoti yalipokataa, mkono wake ukigusa sakafu unajua. Akabandua kipande pembeni mwa lile baka kwa kisu cha jikoni akanipa. Upande wa chini kilikuwa na vumbi jeupe jembamba kama unga wa sembe, na nikikikunja hakivunjiki, kinapinda kama ganda la ndizi. Halafu akabonyeza kucha ya gumba kwenye rangi ilobaki chini, kucha ikaingia, ikaacha alama kama mwezi mwandamo. "Hii imekauka juu tu," akasema, "haijaiva. Na hicho cheupe ni niru yako mwanangu, rangi imeishika niru, lakini niru yenyewe haijashika kitu."

Nataka nikae hapo kidogo maana ndo kiini cha habari yote.

Rangi ya maji ya ukutani inakauka, maana yake maji yanaondoka na rangi inabaki. Epoksi sio hivyo. Ile dawa na hadina yake zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinatoa joto, na zinaendelea kushikana ndani kwa ndani siku baada ya siku mpaka ziwe kitu kimoja kigumu. Yale masaa 24 ni ule wakati ambapo ngozi ya juu haigandi mguu, basi, hakuna zaidi ya hapo. Mtu yeyote aliekulia hapa anaijua ndizi ilovumbikwa ikatolewa kabla ya siku zake, ganda la manjano zuri, ukimenya ndani utomvu mtupu. Ndizi inalainika na epoksi inakuwa ngumu, lakini hesabu ni ile ile, rangi ya nje haikwambii ndani pakoje. Mafundi wengi wana neno moja tu, "ishakauka", na wanalitumia kwa kutembea, kwa kuweka kabati, kwa gari na kwa kumwagikiwa petroli, wakati hayo ni mambo manne na kila moja lina siku zake.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Lile kopo tupu waliliacha nyuma ya nyumba, mama ashalitoboa chini alitie udongo apande mrehani. Nikaligeuza nikasoma. Pembeni kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza, imeandikwa kwamba kwa joto la nyuzi 25 ni masaa 24 kutembea, masaa 72 vitu vyepesi, siku 7 gari na kemikali. Yule kijana alikuwa nalo mkononi mchana kutwa. Hakunidanganya kwa makusudi naamini, nafikiri hakuwahi kuligeuza.

Sasa kwa nini tairi ya moto ndo ilobandua na tairi baridi ya Alkhamisi haikubandua. Tairi ikienda mwendo mrefu inapata moto na inatanuka, ukiisimamisha juu ya rangi inapoa na inajikunja, na ikijikunja inaivuta rangi ilio chini yake. Tena ndani ya mpira wa tairi mna mafuta ya kuulainisha, yale kwa moto yanatoka na yanaingia kwenye rangi ambayo haijaiva na kuilegeza. Rangi iloiva vizuri na iloshika zege inavumilia yote hayo. Yangu haikuwa imeiva na haikuwa imeshika, kasoro mbili pamoja, kwa hivyo hata ningengoja siku saba nina uhakika ingekuja kubanduka siku moja kwa sababu ya ile niru. Hilo lazima niliseme kwa haki, kungoja peke yake hakuokoi sakafu ambayo haijasagwa.

Kulikuwa na mengine mawili. Kona ya mlangoni, ile ilopakwa ndoo ya mwisho ya kukisia kwa macho, haikukauka kabisa. Wiki ya tatu ukiigusa bado inanata, sisimizi wamegandia, vumbi limegandia, viatu vya watoto vinaacha nyayo. Watu walinambia "ipe muda". Muda hausaidii pale. Hadina ikizidi au ikipungua ile iliokosa mwenzake inabaki hivyo hivyo mpaka mwisho wa dunia, dawa yake ni kuikwangua yote na kupaka upya. Na ukisikia fundi anasema "tutie hadina nyingi iwahi", mkatae, haiwahi, inaharibika.

La pili, upande wa getini rangi ilitoa ukungu mweupe, mafuta mafuta, ukipitisha kidole kinateleza. Hii ni unyevu. Hadina kabla haijaisha kushikana na dawa inakutana na maji na kabonidayoksaidi ya hewani, inafanya kama nta juu. Ukiiona mapema unaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, unasugua kwa dodoki, unaiacha ikauke ndo unapiga mkono wa pili. Ukipaka juu yake bila kuosha, ule mkono wa pili utabanduka kama karatasi.

Nilipowapigia simu bosi wao akanambia kosa langu nimeingiza gari mapema. Nikamwambia nani alonambia masaa 24. Kimya. Tukavutana wiki mbili wakanirudishia laki moja, na nashukuru kwa hiyo laki, lakini nyota nawapa moja na hiyo moja ni kwa sababu walikuja siku walosema.

Fundi wa pili nilimpata kwa kuulizia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe, mtu mzima, asili yake Wete, namwita ami. Alikuja kuangalia mwezi wa Mei mvua zinanyesha, akapiga magoti, akaligonga zege kwa kipini cha nyundo, halafu akanambia, "Mwanangu, kazi hii mie siifanyi mwezi huu. Nkikwambia ntaifanya ntakuwa nakula pesa yako bure. Nifate masika ikishatoka." Nilikasirika kidogo siku ile, nilishachoka kuona mabaka yale. Lakini nikangoja mpaka Agosti.

Alivyorudi kitu cha kwanza hakushika rangi. Alileta karatasi ya nailoni akakata kipande kama sentimita 45 kwa 45, akakibandika kwenye zege lilokuwa wazi kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, akanambia "usiiguse mpaka kesho". Ilikuwa magharibi. Kesho yake saa nne na nusu akaifungua, masaa 16 hivi. Chini ya nailoni pakavu, zege rangi yake ile ile. Akaniambia tungekuta matone au zege limekuwa jeusi basi maji yanapanda kutoka chini, na maji yanayopanda yanaisukuma rangi yoyote ile hata ungelipa milioni. Kwetu hili ni jambo kubwa, nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila nailoni chini ya zege na nyengine zipo karibu na maji.

Siku mbili zote zikaenda kwenye kusaga. Alikwangua ile rangi ya zamani yote, akasaga niru kwa grainda yenye diski ya almasi mpaka zege likawa kama msasa mkononi, punje za mchanga zinaonekana. Vumbi lake si mchezo, tulifunga madirisha ya nyumba nzima na yeye na kijana wake walivaa barakoa. Doa la oili alilisugua kwa dawa ya kutolea mafuta mara tatu, akamwagia maji matone kidogo akatazama kama yananyonywa au yanakaa juu kama mvua kwenye jani la mgomba. Mara ya tatu yakanyonywa. Nilimuuliza kwa nini asitumie asidi kama wengine, akasema asidi inafanya kazi lakini inaacha maji kwenye zege na lazima uisuuze sana, na yeye maji ndo anayakimbia.

Jumamosi saa nne asubuhi akapaka mkono wa kwanza. Ana kile kidude kidogo cha ukutani kinachoonesha joto na unyevu wa hewa, siku ile nyuzi 27 na unyevu asilimia 70. Anasema ikipita 85 hapaki, na sakafu yenyewe lazima iwe na joto angalau nyuzi tatu juu ya pale umande unapoanza kushika, ndo maana habaki kupaka mpaka usiku. Kumbuka wale wa kwanza walipaka jioni baada ya mvua. Alipima vinne kwa kimoja kwa jagi lenye mistari, akakoroga kwa drili ya mwendo mdogo dakika tatu, halafu akaimimina yote kwenye ndoo nyengine safi akakoroga tena, maana ile iliogandia pembeni ya ndoo ya kwanza huwa haijachanganyika. Na akishachanganya haichezewi, anaimwaga sakafuni pale pale kwa mstari mrefu anaisambaza kwa rola. Ikikaa kwenye ndoo inajipasha moto yenyewe. Aliacha kidogo makusudi nione, baada ya nusu saa kikombe kile kilikuwa cha moto hakishikiki na kimeganda.

Hapa niseme kidogo maana kuna mtu alinambia "Zanzibar joto, epoksi inaiva upesi, hizo siku saba ni za Ulaya". Nusu yake kweli. Joto likipanda nyuzi 10 kushikana kule kunakwenda karibu mara mbili ya kasi. Lakini zile siku saba zimeshaandikwa kwa nyuzi 25 ambazo ndo usiku wetu wa kawaida, kwa hivyo unachopunguziwa ni kidogo, na unachopunguziwa khasa ni muda wa kufanya kazi kwenye ndoo, sio muda wa kuingiza gari. Na unyevu wetu unakula faida yote.

Jumapili asubuhi kabla masaa 24 hayajatimia akapiga mkono wa pili. Ukichelewa zaidi ya hapo mkono wa kwanza unakuwa ushaiva sana haupokei tena, lazima upitishe msasa kwanza. Ami alitufungia geti, akaandika kwa chaki kwenye mlango: Jumatatu miguu, Jumatano maboksi, Jumapili gari. Nikamwambia ami mbona hukuandika saa, akasema saa zinawadanganya watu.

Usiku ule ule wa Jumapili paka akapita chini ya geti. Jumatatu asubuhi nakuta nyayo nane, zimenyooka kutoka getini mpaka ukutani alipo panda dirishani, kila kidole kinaonekana. Mwenye paka wengi mtaani, yaani sote, aweke ubao chini ya geti. Ami alisema atazisaga na kupaka tena, mwanangu mdogo akalia zisifutwe, zimebaki.

Mie na baba tuliifata siku kwa siku. Jumatatu nikatembea pekupeku, hainati. Jumanne baba akabonyeza kucha yake, alama ikabaki. Alkhamisi alama hafifu ya kutafuta kwa tochi. Jumamosi hakuna. Kipimo changu mie kilikuwa kitambaa cheupe na asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha, unasugua pahala padogo pa pembeni mara chache tu, ikitoka rangi kitambaani bado. Ijumaa ilitoka kijivu kidogo. Jumatatu ya pili kitambaa kilibaki cheupe. Gari nikaiingiza Jumanne, siku ya tisa, sio ya saba, kwa sababu usiku wa Agosti ulikuwa na baridi mpaka nyuzi 22 na ami akasema siku mbili haziniui. Nikaingiza jioni tairi zimepoa, na wiki nzima ya mwanzo sikuiweka ikitoka safari ndefu, naiacha nje saa moja kwanza.

Maji sikumwaga siku zote tisa, nilifagia kwa ufagio laini tu. Vespa ya baba ndo ilonisumbua, ile stendi yake ni ncha mbili nyembamba na uzito wote unakaa pale, rangi changa inatoboka. Tukaiweka barazani wiki mbili, na mpaka leo inasimama juu ya kipande cha ubao. Petroli na mafuta ya breki usikubali yadondoke kabla ya wiki kutimia, ugumu wa kuhimili hayo ndo unaokuja wa mwisho kabisa.

Dawa yenyewe, tena ni ile ile ya kampuni ya kwanza, kopo lile lile, imeletwa kwa boti kutoka Dar. Naipa nyota nne. Haitoi vumbi, oili inafutika kwa kitambaa, mchanga wa pwani ukiingia na tairi unaufagia tu. Nyota moja naitoa kwa sababu pale getini jua la asubuhi linapopiga rangi imeshaanza kuwa manjano, epoksi hailipendi jua, ami alinishauri nimalizie na mkono wa poliyurithini juu, rangi inayovumilia jua, nikakataa kwa sababu ya pesa, sasa naona alikuwa na haki. Kuna nyengine inaitwa poliaspatiki, hiyo gari inaingia kesho yake kweli, lakini bei yake iko juu na inaganda haraka sana fundi asie na uzoefu nayo itamgandia kwenye rola. Na zile rangi za sakafu za kopo moja zisizo na hadina ni rahisi, ila kwa tairi za gari sizishauri.

Ami nampa nyota tano na kama zingekuwepo sita ningempa. Alichukua laki tisa na nusu kwa kila kitu pamoja na kukwangua uchafu wa wenzake, siku tano za kazi. Wanaosema ghali, mie nimeshalipa laki sita na nusu kwa rahisi.

Wiki ilopita nilikwenda Nungwi na kurudi, mchana wa jua, nikaiingiza gari moja kwa moja. Asubuhi nikatia rivasi nimezima redio nimefungua dirisha nasikiliza. Hakuna sauti. Nikashuka na tochi vile vile nikatazama pale panne.

Jirani wangu wa nyuma amemwaga zege la banda lake wiki mbili zilopita na anataka kupaka Jumamosi hii. Nimemwambia zege jipya lenyewe linataka siku 28 kabla ya kufunikwa, na hata zikitimia tulipime kwanza. Nailoni na selotepu ninazo, ntampelekea mwenyewe.